Kompyuta Kumi na Moja: Tulichofufua na Tulichofuta

(Maelezo yaliyosomwa kwa niaba ya walimu katika mkutano wa maadhimisho ya Kamati)



Tumeombwa tueleze habari za chumba cha kompyuta. Wengi wenu mmekwisha kusikia maneno mawili juu ya chumba hicho. La kwanza ni kwamba walimu wamezifufua kompyuta zilizokuwa zimekufa. La pili ni kwamba walimu wamefuta alama za watoto. Maneno yote mawili ni ya kweli, na hatukuja hapa kusema la kwanza tukaficha la pili.

Kompyuta zilipofika zilikuwa 14, zote zimekwisha kutumika miaka mingi katika ofisi za ng'ambo. Tatu hazikuwaka tangu siku ya kwanza, nasi tukazifungua tukatoa vipuri vyake kusaidia nyingine. Zikabaki 11. Nane kati yake zina kumbukumbu ya gigabaiti 2, na tatu za zamani zaidi zina gigabaiti 1 tu. Kwa wale ambao hawajazoea maneno haya, kumbukumbu ya kompyuta ni kama meza ya mwalimu, na diski ni kama kabati. Unaweza kuwa na kabati kubwa lenye vitabu vingi, lakini kama meza ni ndogo huwezi kufungua zaidi ya kitabu kimoja au viwili. Ukitaka cha tatu, huna budi kukirudisha kimoja kabatini, ukikae tena, uinuke tena. Ndivyo zilivyokuwa zikifanya mashine zetu mchana kutwa: kuinuka na kukaa. Mwanafunzi alibonyeza herufi, akangoja, akabonyeza tena kwa kudhani haikusikia, kisha herufi sita zikatokea kwa pamoja.

Hatusemi kwamba mfumo uliokuja nazo ulikuwa mbaya. Ulitengenezwa kwa ajili ya mashine zenye meza kubwa, na kwa watu wenye umeme saa ishirini na nne. Sisi tunao umeme wa sola kuanzia saa nne asubuhi hadi kama saa tisa alasiri, tena siku isiyo na mawingu. Darasa moja lina watoto wanaozidi viti mara kadhaa, kwa hiyo kila kundi hupata nusu saa. Kama robo saa yote inakwisha kompyuta inajiandaa kuamka, mtoto amejifunza nini? Amejifunza kungoja, na kungoja sisi wakimbizi tunakujua bila kufundishwa.

Kulikuwa na jambo la pili. Mifumo hii ina umri wake. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na yale ya kawaida ya Windows 10 yakakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Masasisho ni kama kuziba matundu ya paa. Yakikoma, nyumba haianguki siku hiyo, lakini kila tundu jipya litabaki wazi. Windows 11 iliyofuata inataka kumbukumbu ya gigabaiti 4, nafasi ya diski ya gigabaiti 64, na kijisehemu maalumu cha usalama ambacho mashine zetu hazina. Kompyuta zetu haziingii katika mlango huo hata zikiinama. Isitoshe, tukiri wenyewe kwamba baadhi yake sisi tulikuwa tumeziwekea nakala za programu zisizo na kibali, tulizopewa kwenye flashi na rafiki wa rafiki. Mwalimu anayemkataza mtoto kunakili mtihani wa jirani hakupaswa kufanya hivyo.

Baadhi ya wenzetu walishauri tuzirudishe stoo tungoje nyingine mpya. Tuliwaheshimu, lakini hatukukubaliana nao. Kitu kikishaingia stoo hapa kambini hakitoki, kila mtu anajua. Na wale waliotuambia tungoje wafadhili, tuliwakumbusha baadaye, mwaka 2025 misaada ilipopungua na hata watumishi tuliowazoea wakaaga.

Basi ndipo tukaangalia upande wa programu huria. Neno hili tulieleze, kwa sababu wazazi wengine wamedhani huria maana yake ni bure, au ni kitu cha wizi. Programu huria ni ile ambayo aliyeitunga ameiacha na maandishi yake yote ya ndani, na kibali kinachosema: itumie kwa kazi yoyote, isome uone inavyofanya kazi, inakili umpe jirani, ibadilishe ukitaka. Ni tofauti ya kupewa sahani ya chakula na kupewa chakula pamoja na mapishi yake. Mtu wa kwanza kulipigania jambo hili kwa nguvu ni Mmarekani Richard Stallman, ambaye mwaka 1983 alitangaza kazi ya kuunda mfumo mzima wa namna hiyo. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, jina lake Linus Torvalds, mwenye miaka 21, aliandika kiini cha mfumo, yaani sehemu inayoamrisha vyuma vyenyewe, na mwaka uliofuata akakitoa chini ya kibali hicho cha huria. Kiini hicho ndicho Linux. Leo kimo ndani ya simu zote za Android, kwa hiyo kuna wazee hapa wanaosema Linux ni kitu kigeni huku wanacho mfukoni.

Mmoja wa mifumo iliyojengwa juu ya kiini hicho inaitwa Ubuntu, ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004 kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Walimu wenzetu Warundi walicheka waliposikia jina hilo, maana kwao si neno la kompyuta, ni neno la nyumbani, la utu na ukarimu. Mwaka huohuo 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na mahesabu ambayo amri zake zote zilikuwa kwa Kiswahili. Hawakuomba ruhusa ya mtu kuitafsiri. Kibali kilikuwa kimekwisha kuruhusu.

Sisi hatukuchagua Ubuntu, kwa kuwa ilikuwa imeacha kuzihudumia mashine za aina ya zile tatu zetu za zamani, zinazoitwa za biti 32. Tulichagua Debian toleo la 12, lililotoka Juni 2023, na tukalivalisha sura nyepesi inayoitwa LXDE. Faili la kuisimika lilikuwa zito kuliko bando la mwalimu yeyote. Mtumishi mmoja wa shirika, ambaye hakutaka tumtaje, alilipakua Kasulu mjini akatuletea kwenye flashi. Hiyo flashi ndiyo msaada mkubwa tuliopata mwaka ule, nayo inaingia katika mfuko wa shati.

Tulianza likizo ndefu ya mwaka 2024. Tulijaribu kwanza mashine moja kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa diski, maana mfumo huu unaruhusu uonje kabla ya kununua, na tukaona inaamka, kipanya kinatembea, maandishi yanatokea papo hapo. Tulipiga makofi wenyewe chumbani kama watoto. Kwa siku nne tulisimika mashine za wanafunzi moja baada ya nyingine. Kila moja tulinakili kwanza vitu vilivyomo, ndipo tukafuta, ndipo tukaweka mpya. Mambo yalikwenda vizuri mno.

Siku ya tano ilibaki mashine ya ofisi.

Mashine hiyo ilikuwa na alama za madarasa ya mwisho ya miaka miwili, wanafunzi 163. Alama hizo zilikuwa pia katika madaftari makubwa, lakini mvua ya masika ilikuwa imeingia ofisini na madaftari yakashikana kurasa, wino umekimbia. Kwa hiyo kompyuta ile ndiyo iliyokuwa shahidi wa pekee. Tulijua hivyo. Tulinakili kila kitu kilichokuwa mezani pa skrini na katika folda ya nyaraka, tukahesabu mafaili, tukaridhika. Ilikuwa saa tisa na nusu, betri inashuka, nasi tulitaka kumaliza kabla giza halijaingia. Programu ya kusimika iliuliza kama itumie diski yote. Tukajibu ndiyo.

Karani wa shule hakuwa akihifadhi alama mahali tulipotazama. Diski ile ilikuwa imegawanywa sehemu mbili, na yeye, kwa busara yake mwenyewe, aliziweka katika sehemu ya pili, ile inayoitwa D, akiamini ni salama zaidi kwa sababu wanafunzi hawaifungui. Alikuwa sahihi. Hatukumwuliza. Alikuwa amekwenda kupokea mgao wa chakula siku hiyo, na sisi hatukuona sababu ya kumngoja.

Alipokuja asubuhi na kuuliza faili lake liko wapi, hakuna aliyemjibu kwa muda.

Tuwaeleze kilichofuata, kwa kuwa kinaweza kuwasaidia wengine. Kitu kikifutwa kwenye diski hakiondoki mara moja. Kinachoondoka kwanza ni orodha inayoonyesha kilipo, kama vile kuchana kurasa ya yaliyomo lakini sura za kitabu zikabaki. Kila unachoandika baada ya hapo huweza kuangukia juu ya sura hizo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuizima mashine na kuacha kuitumia. Tulifanya hivyo, ila mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuandikwa juu ya sehemu kubwa. Kwa msaada wa programu nyingine ya huria iitwayo PhotoRec, inayopekua diski kipande kwa kipande, tulipata maelfu ya mafaili yasiyo na majina, namba tupu. Tuligawana kuyafungua moja moja kwa wiki mbili: picha za harusi, barua za maombi, nyimbo, na katikati yake kurasa za alama, nyingine nzima, nyingine nusu.

Zilizobaki tulizitafuta kwa miguu. Tulizunguka kanda kwa kanda tukiomba wazazi karatasi za matokeo, zile ambazo sisi Wakongo huziita buletini, kama gazeti hili. Hapo ndipo tulipowajua mama zetu. Mama mmoja alitoa buletini ya mwanawe kutoka ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine, ndani ya debe, pamoja na karatasi za uandikishaji wa familia, ikiwa safi kuliko siku tuliyoitia sahihi. Hakutulaumu. Alituuliza tu kama na sisi hatuna madebe.

Kamati iliteua watu watatu, mwalimu, mzazi na mjumbe, kuthibitisha kila alama iliyoandikwa upya, na tunawashukuru kwa sababu walitukataa mara kadhaa pale tulipotaka kukadiria. Kati ya 163 tulikamilisha 149. Bado 14. Wengine wamerudi makwao, wengine wamepelekwa nchi za mbali, na hatujui karatasi zao ziko wapi. Mmoja alikuwa binti aliyehitaji uthibitisho wa alama ili aombe nafasi ya masomo. Tarehe ya mwisho ilipita tukiwa bado tunafungua mafaili yasiyo na majina. Mwaka ule ulimpotea, na haukupotezwa na vita wala na serikali yoyote. Tuliupoteza sisi. Tumekwenda kwao mara tatu kuomba radhi. Mama yake hutupokea, hutupa kiti, na hujibu salamu kwa ufupi.

Ndugu Mwenyekiti, mtu anaweza kuuliza kama kosa hilo ni la mfumo mpya. La hasha. Lingetupata vilevile kama tungekuwa tunaurudishia mashine mfumo wake wa zamani. Lakini pia hatutaki mtu aseme kwamba kwa kuwa nia ilikuwa njema basi yaishe.

Sasa tuseme kuhusu kazi yenyewe. Mashine zote 11 zinafanya kazi leo. Kundi la watoto likiingia na kuketi, mashine zimekwisha kuamka. Tunatumia LibreOffice kwa kuandika na kwa hesabu. Wadogo wanatumia GCompris, michezo ya kujifunza iliyoanzishwa na Mfaransa mmoja mwaka 2000, na jina lake ukilisoma kwa sauti ni Kifaransa cha kusema "nimeelewa". Watoto wetu wanaosoma kwa Kifaransa waliupata utani huo kabla yetu. Kwa programu ya Kiwix tumeweka kamusi elezo ya Wikipedia ndani ya mashine, ya Kifaransa kwa kupunguza picha, na ya Kiswahili, nayo inasomeka bila intaneti. Kibodi zilizokuja hazina herufi za Kifaransa zenye alama juu, na kabla ya hapo watoto walikuwa wakiziandika bila alama na kupoteza maksi za imla. Sasa tumepanga mibonyezo miwili inayotoa kila herufi, na mwanafunzi mmoja ameichora orodha yake ukutani kwa mkaa.

Virusi vya flashi, vile vinavyogeuza folda zote kuwa vivuli visivyofunguka, havituumizi tena. Lakini sikilizeni vizuri: havituumizi sisi. Flashi yenye kirusi ikipita kwetu inaweza kutoka nacho ikampelekea mwenye duka la picha. Ndiyo maana tunaikagua kwanza, na vijana wasikasirike.

Yako mambo yasiyokwenda. Printa ndogo tuliyopewa haielewani na mfumo huu, tumejaribu kila njia, imeshindikana. Barua zilizoandikwa kwenye ofisi za mashirika zikifunguliwa kwetu wakati mwingine mistari inahama na majedwali yanatoka nje ya karatasi, kwa hiyo tunawaomba watumishi, fomu ambayo haitajazwa kwa mashine mtuletee kwa PDF. Kuna pia programu moja ya kuandikisha watahiniwa inayoendeshwa na Windows peke yake. Kwa ajili hiyo tumeazima mashine moja ya ofisi ya jirani, nayo tunaiwasha kwa kazi hiyo tu. Na zile tatu za zamani zina mwisho wake. Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haisimikwi tena kwenye mashine za biti 32. Toleo la 12 limepangiwa matengenezo ya muda mrefu hadi Juni 2028, na baada ya hapo hatutaziunganisha na intaneti. Programu huria nayo inazeeka, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba hatukufungiwa mlango kwa kukosa fedha ya kibali, na tarehe tumeijua mapema.

Tena kuna jambo ambalo watumishi wetu hawalioni katika ripoti. Zamani mashine ikiharibika tulikuwa tunaandika barua, barua inakwenda ofisini, ofisi inangoja fundi, fundi anangoja gari. Siku hizi wapo wanafunzi saba, wanne kati yao wasichana, wanaoweza kusimika mfumo wote upya kutoka kwenye flashi bila mwalimu kusimama nyuma yao. Tuliwafundisha kwa kuwaacha waharibu mashine moja kwa makusudi kisha waitengeneze. Siku tukihamishwa, au tukirudi nyumbani, ujuzi huo hautaulizwa uzito wake kwenye lori.

Tunayo maombi machache. Kwa wafadhili: kabla hamjatuletea kompyuta, tuulizeni tunapata umeme saa ngapi na tuna viti vingapi. Mashine moja inayotumia umeme kidogo ni bora kwetu kuliko tatu zinazomaliza betri saa sita. Msizifungie kwa maneno ya siri ambayo mwenye nayo anaondoka mkataba wake ukiisha. Kwa Kamati: tunaomba diski mbili za nje za kuhifadhia nakala za alama, moja ikae shuleni na moja kwa Katibu wa Kamati, katika kanda nyingine, ili moto mmoja au mvua moja isizichukue zote. Kwa sasa tunatumia flashi mbili, na kila Ijumaa karani, yule yule, ndiye anayenakili, na ndiye anayetuambia sisi kama tunaweza kuigusa mashine ya ofisi.

Kwa wazazi: majina ya wale 14 yamebandikwa kwenye mbao za matangazo za kanda zote. Kama mna ndugu aliyerudi upande wa pili wa ziwa, au aliyekwenda mbali, na mnayo namba yake ya simu, mwulizeni kama buletini bado anayo. Picha ya simu inatosha, mradi sahihi na muhuri vionekane. Tuleteeni chumbani, tunafungua saa nne.